Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu, Kaunti ya Kisumu: jeki za wanafunzi zibebeshwe mzigo

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Wanafunzi wa Gredi ya 9 wanapounda jeki ya maji, yaani kifaa cha kuinulia mzigo kwa msukumo wa maji, tunaomba wasipewe alama kabla jeki haijabeba kitu. Mara nyingi rangi na karatasi za kung'aa ndizo zinazosahihishwa, na maji hayaulizwi lolote.

Vifaa ni vichache: bomba la sindano la mililita 5, jingine la mililita 20, mpira wa dripu wa sentimita 30, ubao na waya wa kufungia. Mabomba yawe mapya, bila sindano. Yaliyokwisha kutumika hospitalini yasiingie darasani kamwe.

Kinachoharibu kazi ni hewa. Mpira uunganishwe ndani ya beseni la maji, bomba dogo likiwa limejaa na kubwa likiwa limesukumwa hadi mwisho. Yakijazwa yote mawili, pistoni hazina pa kwenda na mpira huchomoka. Ndiyo maana tunasema ufungwe kwa waya. Kiputo kikibaki, nguvu ya mkono huishia kukikandamiza. Fundi wa matatu hutoa hewa kwenye breki kwa sababu hiyo hiyo.

Kisha jaribio. Mabomba yafungwe wima ubaoni, midomo chini. Pistoni ya milimita 12 ikisukuma ya milimita 20, eneo la kubwa ni karibu mara 2.8 ya eneo la ndogo. Pakiti ya unga ya kilo 2 iwekwe juu ya kubwa, chupa tupu juu ya ndogo, na maji yaongezwe chupani mililita 20 kwa mara moja. Kwa hesabu, gramu 720 zingetosha. Zitahitajika zaidi, maana raba ya pistoni husugua ukuta wa bomba, na kiasi hicho cha ziada wanafunzi wakipime. Ndogo itashuka milimita 44, unga upande 16 tu.

Wengine hupaka mafuta ya injini ili pistoni iteleze. Wakatazwe, kwani raba nyingi hufura na kukwama.

Baadaye warudie kwa hewa tupu. Pistoni itazama kwanza, kisha mzigo utaruka ghafla. Hapo wataona kwa macho kwa nini breki za majimaji, zinazotumia mafuta ya breki, haziruhusiwi kuwa na hewa.

Tunaomba waraka wako ufike shuleni kabla ya miradi ya muhula ujao: kila jeki iletwe na jedwali la uzito na mwinuko, na seti moja ya mabomba mapya inunuliwe kwa kila wanafunzi wanne.

Wako,
Walimu wa ufundi na mafundi wa breki, Kisumu