Risala ya Wahitimu wa Maabara ya Tiba kwa Mgeni Rasmi, Mbeya

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Sisi wahitimu wa stashahada ya maabara ya tiba tunakukaribisha kwa furaha. Tumechagua kukueleza jambo moja linalotugusa sana: makosa mengi ya majibu ya damu hutokea kabla damu haijafika kwenye mashine.

Tuchukue picha kamili ya damu, kipimo cha kuhesabu chembe za damu kinachoombwa karibu kila siku wodini. Damu yake huwekwa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye dawa ya EDTA ya kuzuia kuganda. Chupa ya mililita 4 inataka mililita 4. Ukiweka 1, dawa inaizidi damu, chembe nyekundu zinasinyaa. Baada ya kujazwa, igeuzwe juu chini taratibu mara 8 hadi 10, wala isitikiswe, maana kutikisa hupasua chembe. Isipogeuzwa, mabonge madogo hunasa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda: mashine inasoma 40,000 kwa mikrolita kwa mgonjwa mwenye 200,000, naye anaanza kuhangaikiwa kwa ugonjwa asio nao. Ndiyo maana sahani zikisomeka chache, tunatafuta kwanza bonge ndani ya chupa, kisha tunatazama damu kwa darubini. Damu pia isichukuliwe kwenye mkono wenye dripu. Maji yale hushusha wingi wa damu kwa uongo.

Mgeni Rasmi, huku kwetu milimani kuna la ziada. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kila pumzi ina oksijeni pungufu, hivyo mwili hutengeneza chembe nyekundu zaidi. Mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa ana upungufu wa damu akiwa na himoglobini, yaani protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, chini ya gramu 12 kwa desilita, mjamzito chini ya 11 (10.5 katika miezi mitatu ya kati ya ujauzito), lakini hivyo ni viwango vya usawa wa bahari, na Shirika la Afya Duniani linaelekeza virekebishwe kulingana na mwinuko. Kwa hiyo 12.5 ya mama asiye mjamzito wa Kyela, kule chini ziwani, ni salama, 12.5 ileile kwa mwenzake wa Makete, kule juu milimani, ni upungufu. Akirudishwa nyumbani bila kutibiwa, tumemkosea.

Kuhusu selimundu, kipimo cha haraka cha kuchanganya damu na sodiamu metabaisalfaiti huonesha tu kwamba himoglobini S, ile ya selimundu, ipo. Hakitofautishi mgonjwa na mbebaji wa kinasaba, na kwa mtoto wa chini ya miezi 6 kinaweza kutoa jibu hasi, kwa kuwa bado ana himoglobini nyingi ya kichanga, ile aliyokuwa nayo tumboni. Jibu la uhakika linahitaji kipimo kama elektroforesisi, kinachotenganisha aina za himoglobini kwa umeme, na aliyeongezewa damu ndani ya miezi 3 asubiri, la sivyo tutapima pia damu ya mchangiaji.

Tunaomba mambo mawili: darubini za kutosha kwa wanaotufuata hapa chuoni, na chupa ndogo za watoto za mililita 0.5 katika vituo vya vijijini, ili damu kidogo ya mtoto mchanga isiwekwe ndani ya chupa kubwa.

Tunaomba kuwasilisha.