Salamu za shukrani: Babu Reli amelala kwao Mayo

Familia yetu ya London, Mayo (Ireland) na Tanga inatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, majirani na marafiki wote mliosimama nasi katika msiba wa baba, mkwe na babu yetu, mhandisi mstaafu, aliyefariki dunia kitandani kwake akiwa na umri wa miaka 91. Ninayeandika ni mkwe wake, mke wa mtoto wake wa tatu. Wenzangu wameniachia kalamu kwa sababu wengi wa kushukuriwa ni watu wa Kiswahili, na kwa sababu, wanavyodai, mimi ndiye niliyelia kwa sauti kuliko wote. Sikatai.

Usiku ule, pamoja na majonzi, nilishikwa na hofu ambayo niliona hata aibu kuitamka: nani atamzika mzee huyu? Mtu akifika miaka 91 amekwisha kuwazika wenzake. Aliovuka nao bahari, aliochimba nao, aliocheza nao karata Jumapili, wote wametangulia. Nilifungua daftari lake la simu nikakuta majina yamekatwa moja baada ya jingine, kila mstari umenyooshwa kwa rula. Mhandisi ni mhandisi. Nikahesabu yaliyobaki: kumi na moja. Nikamwambia mume wangu tutafute ukumbi mdogo.

Saa mbili asubuhi mlango uligongwa. Akina mama wa Kiswahili wa hapa London mlikuwa mmeshafika na chupa za chai, mandazi na sufuria la pilau, na kabla sijasema karibuni, makochi yalikuwa yamesogezwa ukutani na mikeka imetandikwa. Saa nne wakafika majirani wa Kiairishi wa Kilburn na mikate yao iliyokatwa pembetatu, keki na chupa ambazo hazikuwa za chai. Misiba miwili ikakutana jikoni kwangu. Nawashukuru kwamba hakuna aliyemuuliza mwenzake anafanya nini hapa.

Wengi wenu mlinitumia ujumbe mkiuliza zile taratibu. Kwa Waairishi, hasa wa vijijini, marehemu huletwa nyumbani, jeneza likaachwa wazi, na haachwi peke yake usiku kucha. Saa ya ukutani husimamishwa, kioo hufunikwa, dirisha hufunguliwa ili roho ipite. Watu huingia mmoja mmoja, hukushika mkono, hutamka pole fupi, husali Rozari, kisha hunywa chai na kusimulia vituko vya marehemu hadi watu wacheke. Mama mmoja wa Mombasa alininong'oneza, "Huku watu wanacheka mbele ya maiti?" Nikamwambia, subiri, dada. Ilipofika saa sita usiku yeye ndiye alikuwa katikati ya chumba akiigiza jinsi Babu alivyokuwa akiwaamkia watoto wa mama huyo.

Hilo lazima nilieleze. Neno la kwanza la Kiswahili alilojifunza lilikuwa "Shikamoo", na alimwamkia nalo kila mtu, hadi wa miaka minne. Tulimsahihisha mara nyingi. Baadaye nikagundua alishaelewa siku nyingi, ila alipenda kumwona mtoto akivimba kichwa na kumjibu, "Marahaba, Babu."

Alizaliwa mwaka 1934 katika jimbo la Mayo, magharibi mwa Ireland, nyumba ya nyasi yenye watoto tisa. Nchi yao ilishazindua kituo kikubwa cha umeme wa maji cha Ardnacrusha, kwenye mto Shannon, tangu mwaka 1929, lakini nguzo ya kwanza ya mpango wa umeme vijijini ilisimikwa Novemba 1946, na kwao ilichelewa zaidi. Alisoma kwa taa ya mafuta mpaka akaingia chuo kikuu Galway kusomea uhandisi. Umeme ulipofika, mama yake hakutaka redio wala pasi. Alitaka kwanza taa ndogo nyekundu mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kama nyumba nyingi za huko. Taa ya namna hiyo iliwaka kichwani pake usiku wote tuliomkesha.

Shahada aliipata, kazi hakuipata. Katika miaka ya 1950 watu wapatao laki nne waliihama Ireland, na kufikia 1961 nchi nzima ilibakiwa na watu milioni 2.8. Yeye alipanda meli ya kwenda Holyhead, bandari ya Wales, mwaka 1957 na sanduku moja. Ofisi ya kwanza iliyomwajiri ilisikia lafudhi yake, ikampa kazi ya kubeba vigingi vya wapimaji. Alivibeba mwaka mzima, na alilisimulia jambo hilo bila uchungu, ila hakulisahau hata siku moja.

Jina la Babu Reli alipewa na wajukuu kwa sababu ya njia ya Victoria ya treni za chini ya ardhi za London, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1962. Alifanya kazi pale Oxford Circus, ambako mwaka 1963 walitandaza daraja la chuma juu ya njia panda yote, mabasi na magari yakawa yanapita juu huku wao wanachimba ukumbi wa tiketi chini yake, karibu miaka mitano. Watoto wake hawakupelekwa baharini Jumapili, walipelekwa kupanda treni. Akifika mahali fulani gizani alikuwa akigonga dirisha kwa kidole: "Hapa udongo ulitusumbua." Mume wangu anasema hawakuwahi kuona chochote isipokuwa sura zao kwenye kioo. Jioni alirudi nyumbani moja kwa moja, akavua viatu nje, akaosha vyombo. Marehemu mama mkwe, muuguzi kutoka Kerry, jimbo jingine la Ireland, alikuwa akisema hilo ndilo lililomfanya akubali kuolewa na mtu wa Mayo.

Alipokuja Tanga kwa ajili ya mahari, wazee walimwandalia matembezi ya ufukweni. Akaomba kwa adabu apelekwe Hale, kuona mto Pangani na kituo cha umeme cha mwaka 1964. Mjomba alimsubiri juani saa mbili nzima. Mjomba, shukrani zako za siku ile zilichelewa, zipokee leo.

Tulimrudisha kwao kwa njia ileile aliyojia: barabara hadi Holyhead, kisha meli, miaka 68 baadaye. Nilidhani tutapokewa na binamu wawili watatu. Tulipokaribia kijiji magari yalikuwa yamepangwa pande zote mbili za barabara na watu wamesimama kimya kwenye mvua. Wengi wao hawakuwahi kumwona. Kaburi lilichimbwa na majirani kwa mikono, na mume wangu alipouliza gharama waligeuza uso kama waliotukanwa. Jeneza lilibebwa mabegani kwa zamu, watu sita sita, na vijana wetu wa London wakapewa zamu yao. Juu yake palikuwa na jezi ya Mayo, kijani na nyekundu. Mayo ilitwaa ubingwa wa Ireland wa soka la Kigaeli, mchezo wa jadi wa Waairishi, mwaka 1951, yeye akiwa na miaka 17, na haijautwaa tena. Alisubiri, masikini, miaka yote hiyo.

Tunawashukuru wauguzi waliokuja nyumbani usiku katika wiki zake za mwisho; mapadri wa parokia zote mbili; ndugu wa Tanga mlioomba Misa, na majirani zetu Waislamu wa huko mliosoma dua; wote mliotuma rambirambi kwa simu. Kwa wosia wake, fedha zilizobaki tumewapa wale wauguzi kwa kazi yao. Si rahisi kumtaja kila mmoja, na kama kuna tuliyemkosea katika pilikapilika zile, atusamehe.

Waairishi humwombea marehemu Misa mwezi mmoja baada ya kifo, kama sisi tunavyohesabu arobaini. Itasomwa parokiani hapa Kilburn Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa tano asubuhi, kisha chakula nyumbani. Wote mnakaribishwa.

Hotpoti mbili, chano cha maua na lile sufuria la pilau lenye mpini mmoja bado viko jikoni kwangu. Wenyewe mkija mkumbuke kuondoka navyo.