Vinyweleo ambavyo ni bakteria

Sele mambo,

umepotea sana ndugu yangu, vipi mama na wadogo zako? Mi niko poa ila wiki nzima kichwa kimeganda kwenye kitu kimoja na hapa nyumbani wameshanichoka, so vumilia.

Unajua mchwa wengi wanaokula mbao hawaiwezi wenyewe eeh? Tumboni wana vijidudu vya seli moja, protisti, ndo wanaowameng'enyea, wakifa hao basi mchwa atakula mbao mpaka kesho na bado njaa itamuua. Halafu mtoto wa mchwa anazaliwa hana hao protisti, anawapata kwa kulamba nyuma ya wenzake, usicheke.

Sasa kaskazini mwa Australia kuna mchwa anaitwa Mastotermes darwiniensis, na ndani yake kuna protisti mmoja jitu kabisa, kama nusu milimita hivi, Mixotricha paradoxa. Dada mmoja, Jean Sutherland, ndo alimwandika mwaka 1933, akaona ana mikia minne mbele na mwili mzima vinyweleo vinapepea, jambo la ajabu maana viumbe wa kundi lile hawana vinyweleo. 1964 wanasayansi wawili, Cleveland na Grimstone, wakamchungulia kwa darubini ya elektroni, weee, vile sio vinyweleo, ni bakteria! Spiroketi, wembamba wamejisokota, kama 250,000 hivi, kila mmoja kajishika kwenye kijinundu chake juu ya ngozi, na pale pale kwenye kijinundu kuna bakteria mwingine mfupi kama kijiti kajibana. Wale spiroketi wakijinyonga kwa pamoja ndo jamaa anasogea, yani wao ndo wapiga makasia, ile mikia yake minne ni usukani tu wa kukatia kona.

Kinachoniua mimi ni kwamba hakuna anayewapa amri, wamebanana tu, mmoja akijipinda anamsukuma jirani, wimbi linapita mwili mzima. Na ujue ni ukoo mmoja na yule bakteria wa kaswende!

Ila usiende kubomoa kichuguu cha shambani, wale wanaotutolea kumbikumbi hawana protisti wa hivyo, wanalima uyoga wao humo ndani. Tafuta wale wa mbao kavu, wanaomwaga vipunje chini ya kabati, Mixotricha hutampata ila protisti wengine wamo. Ile darubini ya shuleni kwako bado inafanya kazi? Nijibu hilo kwanza, nakuja Desemba.

Wako,
Juma