Ajali ya gari la kazi ni ajali ya kazini

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini mwako maana jambo hili limenikaa rohoni. Mimi ni dereva wa trela, natoa kontena bandari ya Kilindini napeleka Nairobi, saa zingine mpaka Malaba, mwaka wa 11 huu. Lori likianguka Taru ama Maungu utasikia tu dereva alilala, ajali ya barabarani, basi yameisha. Hakuna anayeuliza huyo dereva aliamka saa ngapi siku hiyo na nani alikuwa akimpigia simu kila saa "umefika wapi".

Februari mwaka huu kijana aliyekuwa tanboi wangu, yaani msaidizi wa dereva, alikuwa ashahamia kampuni nyingine huku Miritini, yeye na dereva wake walitoka na mzigo saa nne usiku baada ya kushinda kutwa nzima kwa foleni ya bandari, dereva hajapata hata lepe la usingizi. Kabla ya Samburu wakaingia nyuma ya lori lililoharibika, halina taa wala reflekta, limewekewa matawi tu barabarani. Dereva alitoka mzima. Kijana mguu wa kushoto ulibanwa na dashibodi ikabidi wakate bati kumtoa. Nilienda kuliangalia hilo gari yadi, mkanda wa upande wake niliukuta umepigwa fundo nyuma ya kiti, umejaa vumbi, yaani ni wa siku nyingi haufungiki na kila mtu pale alikuwa anajua.

Bosi alilipa hospitali mara ya kwanza, baadaye akaanza kusema hiyo ni mambo ya bima ya gari na kwanza kijana ni kibarua hana barua ya ajira. Sasa hapo ndipo tunapodanganywa wengi! Sheria ya Ajira ya 2007 inatambua hata mkataba wa mdomo, na ile sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ya mwaka huo huo, WIBA, inamfunika mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini, iwe ni godauni iwe ni barabarani. Hata gari la kampuni likiwa linawabeba wafanyakazi bure asubuhi kuwapeleka kazini, hiyo inahesabiwa kazini. Mwajiri akishaambiwa ana siku 7 kupeleka ripoti kwa mkurugenzi wa usalama wa kazini, na matibabu ni juu yake. Ukilemaa kabisa fidia inahesabiwa kwa mshahara wa miezi 96.

Halafu kuna hili la masaa. Sheria ya Trafiki inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya masaa 8 kwa siku moja. Magari yetu yote yana treka, kile kifaa kinachomwonyesha bosi gari liko wapi. Nikisimama Mariakani dakika 20 kunywa chai napigiwa simu, mbona umesimama. Treka hiyo hiyo inaonyesha nimeendesha masaa 13 na hapo hakuna simu inayopigwa. Kama wanaona kusimama kwangu basi hata kuchoka kwangu wanaona. Nimewahi kufanya kazi kwa bosi mmoja ukifika Mtito Andei unashuka, dereva mwingine anapanda, wewe unalala, na mizigo yake ilikuwa inafika kama ya wengine tu.

Na sisi madereva tuna makosa yetu, tusijifiche. Breki tunaijua mbovu tunanyamaza tusinyang'anywe tripu, tunatafuna mogoka, ile aina ya miraa, tukidhani inachukua nafasi ya usingizi. Ajali ikitokea hatuandiki hata jina la shahidi.

Huyo kijana dai lake linatakiwa lifike ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Anatembelea magongo na mpaka leo hajajaza karatasi yoyote, alikuwa anangoja bosi apoe. Jumatatu siendi safari, nampeleka mwenyewe ofisi ya usalama wa kazini, na picha za ule mkanda ninazo kwa simu.

Dereva wa trela,
Changamwe, Mombasa