Sensa za zamani hazina jina la babu yako

Mhariri,

Tangu Januari 2022 karatasi za sensa ya 1921 za England na Wales ziko wazi, na Aprili ya mwaka huohuo Marekani ikafungua za 1950. Kule majina ya kaya hufungwa miaka 100 au 72, kisha yeyote husoma. Wapo wanaodhani Tanganyika nayo ina daftari la namna hiyo, wakaenda kuwasumbua maofisa wa takwimu bure. Kwetu taarifa za mtu mmoja mmoja ni siri kisheria. Kinachosomeka ni majedwali yaliyochapishwa.

Majedwali hayo si ya kudharauliwa. Sensa za 1948, 1957 na 1967 ziliuliza kabila, swali ambalo sensa zilizofuata Tanzania hazikuliuliza tena. Tuseme nyumbani mnaambiwa babu alikuwa Mha wa Kigoma aliyefia upande wa Muheza, Tanga. Angalia Waha wangapi walihesabiwa Tanga. Ukikuta kundi kubwa mbali hivyo na Kigoma, fikiria manamba, yaani vibarua wa mkataba waliotoka mbali kwenda mashamba ya mkonge, na swali la kuwauliza wazee linabadilika: alifanya kazi shamba gani? Jina la shamba ndilo litakalokupeleka kwenye parokia, msikiti au makaburi ya karibu.

Chunga mipaka. Kahama ya 1957 ilikuwa Jimbo la Magharibi, makao yake Tabora. Ukiitafuta chini ya Shinyanga, mkoa wake wa leo, utaambulia patupu. Vijiji navyo vilihamishwa miaka ya 1970 wakati wa Operesheni Vijiji, kwa hiyo jina la kijiji lililo kwenye kitambulisho cha baba huenda halikuwapo alipozaliwa babu.

Umri ndio unaowapoteza wengi. Watu walikadiria, na makadirio yaliangukia 40, 45, 50, 60. Mzee aliyeandikwa miaka 60 mwaka 1967 msimwandike moja kwa moja kuwa alizaliwa 1907. Acheni nafasi ya miaka mitano au zaidi kila upande, kisha mbane kwa matukio. Wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, alikuwa mgongoni au anachunga mbuzi? Vita ya Mjerumani, 1914 hadi 1918, ilimkuta ameshatoka jandoni? Kwa Wagogo ulizeni njaa ya Mtunya, mwishoni mwa vita hiyo. Majibu mawili yanayokubaliana yana uzito kuliko tarakimu ya karani.

Majina yenyewe yako kwingine: daftari za kodi pale zilipobaki, majalada ya mirathi mahakamani, na zaidi ya yote vitabu vya ubatizo. Hivyo hupangwa kwa tarehe, si kwa ukoo, na jina la pili kwa kawaida ni la baba: mtoto wa Petro Mganga anaweza kuwa Yohana Petro, na Mganga ikapotea hapo. Nendeni na jina la ubatizo, ambalo mara nyingi nyumbani halitumiki kabisa, pamoja na makisio ya mwaka. Kwa Wakatoliki someni na pembeni mwa ukurasa, maana ndoa iliyofungwa parokia nyingine huandikwa hapo. Watu huinakili mistari ya katikati wakaondoka bila habari ya mke.

Vitabu vya wilaya vya Waingereza, vilivyoko Nyaraka za Taifa, Upanga, vina nasaba za machifu. Kama ukoo wenu haukutawala, msivitegemee sana. Nyaraka za Mjerumani zinataka jicho la tahajia: Moshi ni Moschi, Arusha ni Aruscha, Mwanza ni Muansa, Ujiji ni Udjidji. Majina ya watu yaliandikwa kwa mtindo uleule, basi Shabani mtafuteni pia kwenye Schabani.

Mkiruhusiwa kupiga picha, pigeni ukurasa mzima pamoja na jalada na namba ya faili. Picha ya mstari mmoja haimsaidii mjukuu atakayetaka kuuona tena.

Watunza kumbukumbu wastaafu,
Tanga