Gloves na miwani zisikatwe kwenye mshahara wetu

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo linaniuma kweli. Nachomelea mageti hapa Dar mwaka wa sita sasa, na mwezi uliopita kijana mwenzetu aliingiwa na cheche ya grinda jichoni, alikuwa amevaa miwani ya jua ile ya kununua barabarani, imepasuka kioo kimoja ameibana na selotepu, akatuambia bosi alimwambia miwani ya kazi akitaka atakatwa kwenye posho, sasa mtu analipwa kwa siku na ana watoto wawili unadhani atachagua nini?

Jamani, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, na inasema vifaa vya kujikinga mwajiri ndo anatoa, bure, sio hisani yake. Sehemu ya kazi inatakiwa isajiliwe OSHA, yaani wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, kuwe na huduma ya kwanza, na wafanyakazi wapimwe afya. Sisi boksi la huduma ya kwanza lipo, ukilifungua unakuta misumari.

Na kuna mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini, WCF, ambao anachangia mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Huyu kijana hakuwa ameandikishwa popote, hospitali tukamchangia wenyewe.

Naomba wakaguzi wasiishie viwanda vikubwa vyenye geti na mlinzi, waingie na huku uchochoroni kwetu, tena waje mchana kazi zikiwa zimechanganya.

Fundi mchomeleaji, Dar es Salaam