Tuongee bila kurushiana lawama

Mhariri,

Huku kwetu Kayole watu wa ploti wanagombana juu ya maji na taka kila saa, na ukiskiza vizuri unaona shida kubwa ni vile tunaongeleshana. "Wewe ni mchafu", "wewe hujali wenzako", basi vita imeanza na hakuna anayemskia mwingine tena. Marshall Rosenberg, mwanasaikolojia wa Marekani, alianza miaka ya 1960 kufundisha njia ingine: taja kitu umeona bila kuhukumu, sema unavyojiskia, sema unahitaji nini, alafu omba, na ombi si amri, mtu anaweza kukataa. Yaani unamwambia jirani, "Mama, hii karatasi ya taka imekaa kwa korido tangu juzi, nina wasiwasi juu watoto wanacheza hapa na nataka wakae salama, unaweza kuitoa leo jioni?"

Hiyo ya kuomba ndio ngumu kwetu wazazi, tumezoea kuamrisha watoto mpaka wakifika sekondari hawatuambii kitu, wanaambia marafiki. Naomba hata machifu wafundishwe hii, maana kesi za majirani huishia kwao.

Mzazi, Kayole, Nairobi